Kontena, paa au nauli ya Ijumaa? Jibu kwa nesi wa Birmingham

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni Mtanzania, nesi hapa Birmingham, na mume wangu ni Mjamaika ambaye wazazi wake walitoka wilaya ya St Elizabeth. Watu wa kijiji chao tulioko huku tuna chama, kama watu thelathini hivi. Tangu kimbunga Melissa tumepata pauni 7,300 kwa bahati nasibu, kuuza chakula Jumapili na sahani ya sadaka kanisani. Sasa tumekwama. Wazee wanataka tujaze kontena la vitabu, kompyuta na vitanda ambavyo hospitali moja hapa inaviondoa. Vijana wanataka chumba cha kompyuta kwenye shule ya msingi ya kijiji. Mume wangu anasema paa kwanza. Niliposema tuwaulize wenyewe, mzee mmoja akaniambia nisubiri kidogo, mimi si wa huko. Unatushauri nini? Na je, ni lazima tusajili chama?

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni kwa Melissa, wewe na wakweo.

Nimekagua hesabu za vyama vya watu wa Karibi hapa London kwa miaka kumi na tisa: vyama vya kijiji, vya kanisa, vya waliosoma shule moja. Wajamaika ndio wengi, Wagrenada wapo, na kipo kimoja cha watu wa Montserrat ambao hawana tena mji wa kurudi, kwa kuwa volkano iliuzika Plymouth mwaka 1997. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Kikao cha kwanza nilichoingia niliambiwa hayo hayo uliyoambiwa wewe. Usitie shaka, mtu wa nje anayejua kusoma risiti huzoeleka upesi.

Kontena msipeleke. Nitaeleza kwa kirefu, maana hapo ndipo pesa yenu itakapoliwa.

Wazee wenu nawaelewa. Kwa aliyekulia Jamaika, mapenzi ya ng'ambo yalikuja ndani ya pipa. Mama alikwenda London au Toronto kutafuta, mtoto akabaki kwa bibi, na mara kwa mara pipa likafika Kingston na mchele, sabuni, viatu vya shule, na sweta ambalo hakuna atakayelivaa kwenye jua lile. Mtaalamu wa ustawi wa jamii wa Chuo Kikuu cha West Indies, Claudette Crawford-Brown, aliwapa watoto hao jina ambalo limeshika mpaka leo: watoto wa mapipa. Alikuwa akieleza upweke wa mtoto aliyepata kila kitu isipokuwa mzazi. Kwa hiyo mzee akisema tujaze kontena, anamkumbuka mama yake. Mpe heshima yake kwa hilo, halafu mfungulie daftari.

Kuna nauli ya meli. Kuna wakala wa forodha Kingston, tozo za bandari, na lori la kuvuka nusu ya kisiwa hadi St Elizabeth. Kisha kuna ushuru. Watu wengi hudhani msaada hupita bure kwa sababu ni msaada. Jamaika ina Sheria ya Hisani ya mwaka 2013, na msamaha wa ushuru hupewa taasisi iliyosajiliwa kule kule, kwenye idara inayosimamia vyama vya ushirika. Chama cha Birmingham hakimo kwenye daftari hilo. Vitu vya shule vina mlango wake: National Education Trust, asasi ya Wizara ya Elimu iliyoanzishwa mwaka 2010, ambayo hupokea michango ya walio ng'ambo na kuwashughulikia vibali. Lakini mlango huo hubishwa kabla ya kununua kitu. Ukibisha meli ikiwa tayari baharini, umechelewa. Barua ya msamaha wa ushuru ikikawia, kontena linalala bandarini, na kila usiku una bei yake.

Chama kimoja nilichokikagua kilipeleka kontena la vifaa vya shule bila barua mkononi. Lilikaa majuma saba. Tozo ya kulilaza ilipita bei ya vitu vilivyokuwamo. Lilipofunguliwa, kitu walichojivunia zaidi, mashine kubwa ya kunakili, hakikuwaka. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Umeme wa Uingereza ni volti 230 na wa Jamaika ni 110, na hakuna aliyeliwaza hilo, hata yule fundi umeme mstaafu aliyekuwa mweka hazina wao.

Hilo la umeme lichukue uende nalo kikaoni, maana vitanda mlivyoahidiwa, kama ni vya mota, havitainuka. Na usishangae mtu akikubishia kwamba vitanda vya jirani yake vilifanya kazi vizuri sana. Muulize vilikwenda wapi. Grenada, St Lucia na Dominica wanatumia umeme wa volti zinazokaribiana na za huku. Kitanda kile kile kikishushwa Grenada ni neema, kikishushwa Jamaika ni chuma.

Jiulize pia, wewe uliye ndani ya hospitali: vitanda hivyo vinaondolewa kwa nini? Mara nyingi ni kwa sababu aliyevitengeneza ameacha kutoa vipuri. Tatizo la Birmingham linafungwa kwa nailoni na kusafirishwa kuwa tatizo la St Elizabeth. Hospitali ya Black River iliumizwa vibaya na Melissa, hilo ni kweli, na itahitaji vitu vingi. Lakini anayejua inahitaji nini ni mamlaka ya afya ya kanda ya kusini, inayoshika St Elizabeth, Manchester na Clarendon. Waandikieni: aina ya kitanda, mwaka kilipotengenezwa, volti zake, vipuri vyake vinapatikana wapi. Wakijibu hawavihitaji, wamewaokolea pesa.

Dawa sitazizungumza sana kwa sababu wewe ni nesi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya msaada iwe na angalau mwaka mmoja mbele yake inapofika nchini. Vidonge vilivyobaki kwenye makabati ya wanachama visiguswe.

Vitabu navyo vina hila yake. Mtoto wa Jamaika anamaliza shule ya msingi kwa mtihani unaoitwa PEP, ulioanza mwaka 2019, na sekondari anafanya mitihani ya Baraza la Mitihani la Karibi, ambalo lipo tangu 1972. Kitabu cha kiada cha mtaala wa Uingereza kilichotupwa na shule ya Birmingham hakimfikishi popote. Kingston kuna wachapishaji na maduka ya vitabu. Nunueni huko, na pesa ibaki huko.

Chumba cha kompyuta kisubiri. Shule isiyo na paa wala umeme wa uhakika haina mahali pa kuziweka. Na mkishapata mahali, ulizeni kwanza nani atalipa bili ya intaneti mwaka wa tatu. Vijana wenu wakinuna, wape kazi ya hesabu, nitakuja kwao.

Sasa paa. Mume wako ana haki. Ila paa la shule si kama paa la nyumba ya mama mkwe, ambalo unampigia fundi simu na kumtumia pesa Jumamosi. Shule nyingi za msingi Jamaika zilijengwa na makanisa, na ardhi au jengo bado ni la kanisa, wakati walimu wanalipwa na serikali. St Elizabeth hasa ni nchi ya Wamoravia, waliofika huko mwaka 1754. Kwa hiyo kabla hamjatoa hata pauni moja, mjue jengo ni la nani, mkandarasi ameshateuliwa na nani, na Wizara imeahidi kulipa sehemu ipi. Nimeona chama kikilipia dari ambalo serikali ilikuwa imeshalitengea fungu. Kazi ikafanywa mara moja, ikalipwa mara mbili, na fungu la pili hakuna aliyeeleza lilikokwenda.

Pauni 7,300 haziezeki shule. Lakini zinaweza kulipia kitu ambacho mkandarasi mwenye haraka hukiruka. Kimbunga kingine, Beryl, kilipita kusini mwa Jamaika tarehe 3 Julai 2024, na Melissa ikatua tarehe 28 Oktoba 2025 na upepo wa karibu kilomita 295 kwa saa. Paa lililorudishwa haraka haraka baada ya Beryl lilipata miezi 16 tu kabla ya kujaribiwa tena. Kinacholishika paa siku kama ile ni vitu vidogo: mikanda ya chuma inayofunga kila kenchi kwenye boriti ya zege juu ya ukuta, skrubu badala ya misumari, na mabati yasiyo membamba. Paa la migongo minne hustahimili kuliko la migongo miwili. Paa la baraza lijengwe mbali na paa kuu, ili upepo ukiling'oa baraza usiondoke na darasa. Mikanda ikishafunikwa na dari hakuna anayeiona tena, na hakuna kibao kitakachoandikwa jina la chama chenu juu ya skrubu. Ndiyo maana mimi ningewaambia: kama Wizara inaezeka, nyinyi ombeni kulipia mikanda na skrubu za shule nzima, na mtake mhandisi apige picha kila kona kabla dari halijapigwa. Kwa aliyechanga, picha hizo zina maana kuliko picha ya utepe ukikatwa.

Nimegundua mambo mengi yanayofaa hayana sura nzuri kwenye picha, na vyama vingi huchagua kwa kamera. Kinachosahaulika kuliko vyote ni nauli.

Ukizungumza na mwalimu yeyote wa kijijini Jamaika, muulize habari ya Ijumaa. Madarasa hupwaya. Pesa ya teksi na ya chakula cha mchana imekwisha tangu Alhamisi, au mtoto anahitajika shambani, au anakwenda na mama sokoni. Ni jambo la miaka mingi, Wajamaika wote wanalijua. Sasa tazama linavyouma. Serikali ina mpango unaoitwa PATH, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, unaozipa pesa familia maskini kwa sharti kwamba mtoto ahudhurie angalau asilimia 85 ya siku za shule. Mtoto anayekosa kila Ijumaa amehudhuria siku nne kati ya tano, yaani asilimia 80. Kwa kukosa nauli ya siku moja, nyumba nzima inajiweka hatarini kukatwa msaada ambao ndio ungelipa nauli yenyewe. Na St Elizabeth ni kapu la chakula la kisiwa. Melissa ilipopiga mashamba, ilipiga mifuko ya wazazi wale wale.

Hapa ndipo ningeweka sehemu kubwa ya pesa yenu kwa mwaka wa kwanza. Mfano wa hesabu, uwape vijana waumalize kwa bei za kweli watakazopewa na mwalimu mkuu: tuseme nauli na chakula cha mtoto mmoja kwa Ijumaa moja ni pauni 3, watoto ni 40, na mwaka wa masomo una wiki 38. Hiyo ni pauni 4,560. Inabaki pesa ya mikanda. Kule kuna teksi za njia, ndugu wa daladala na matatu zetu. Shule ielewane na dereva mmoja au wawili, imlipe dereva kwa mwezi kwa daftari lililotiwa sahihi, na chakula ilipwe kantini. Msiwape watoto pesa mkononi. Na msiwapange foleni Alhamisi jioni wakaitwa majina mbele ya wenzao, kwa sababu mtoto wa darasa la sita ataona heri kukosa shule. Mwalimu wa darasa anawajua, aachiwe yeye. Picha za watoto hao msiziombe.

Mtaambiwa hiyo ni kulisha watu, si maendeleo. Nimeisikia mara nyingi, na kawaida anayeisema alisoma shule kongwe ya Kingston. Hilo nalo ni jambo la kuangalia. Vyama vya waliosoma pamoja ndivyo vyenye nguvu kuliko vyote huku ng'ambo, vina karamu, vina tai zao, na shule kama Wolmer's, iliyoanzishwa kwa wosia wa mwaka 1729, haikosi watu wa kuikumbuka New York na Toronto. Sina ubaya nao. Lakini pesa ya ng'ambo hufuata waliofanikiwa kuondoka, na waliofanikiwa kuondoka mara nyingi walitoka shule zilizokuwa nzuri tangu hapo. Shule ya msingi ya kijiji chenu haina tai. Ina nyinyi thelathini.

Kuhusu zahanati nitasema kama mkaguzi tu, wewe ndiye unayeijua kazi. Huduma za umma Jamaika ni bure tangu Aprili 2008. Uchunguzi wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta mtu mzima mmoja kati ya watatu ana shinikizo la damu, na karibu mmoja kati ya wanane ana kisukari. Kwa hiyo vyama hupenda sana kwenda na kambi ya afya: fulana zenye nembo, mahema, mashine za kupima presha, Jumamosi na Jumapili. Mtu anapimwa, anaambiwa 190 kwa 110, mnapanda ndege Jumatatu. Nani anamfuata? Nesi wa zahanati amebaki na foleni mpya na vijiti vya kupimia sukari vile vile pungufu. Kama mtafanya kitu, muulizeni nesi huyo nini humwishia kabla ya mwezi kwisha, mkilipie kwa mwaka mzima kupitia mamlaka ya kanda. Na wewe mwenyewe usimguse mgonjwa kule bila kuandikishwa na Baraza la Wauguzi la Jamaika, hata kama ni kufunga kidonda cha shangazi wa mumeo mbele ya kanisa zima. Vikundi vya matibabu vinapaswa kuiandikia Wizara ya Afya mapema.

Kilicho chako hasa ni ujuzi. Toronto kuna mfano ninaoupenda. Hospitali ya watoto ya SickKids ilianzisha mwaka 2013 ushirikiano na nchi sita za Karibi, Jamaika ikiwamo, kwa ajili ya saratani na magonjwa ya damu ya watoto. Aliyeusukuma ni daktari mzaliwa wa Barbados, Victor Blanchette. Wangeweza kuwa wanawapeleka watoto Toronto mmoja mmoja, kila mmoja na hadithi yake gazetini. Wao waliweka vyumba vya kushauriana kwa video, wakasaidia kuanzisha mafunzo ya wauguzi wa saratani ya watoto Trinidad, na upimaji wa selimundu kwa watoto wachanga. Selimundu sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa. Nyinyi hamna SickKids nyuma yenu. Lakini manesi wawili wa kisukari wa Birmingham wanaokaa kwenye simu ya video na nesi wa zahanati mara moja kwa mwezi, juu ya miguu ya wagonjwa wake, akitaka yeye, ni kitu ambacho hakipiti forodha.

Nikiwa hapo hapo: Haiti, shirika la Zanmi Lasante tangu miaka ya 1980 liliwachukua majirani wa wagonjwa wa kifua kikuu na UKIMWI, likawafundisha, likawalipa, wawe wanapeleka dawa mlangoni. Mwaka 2005 shirika mama, Partners In Health, lilianza kazi Rwanda na likaenda na mtindo huo huo. Neno la kuzingatia hapo ni kuwalipa. Vyama vyetu vina tabia ya kununua vitu kwa pauni elfu tano na kumwomba mwanamke wa kijijini avitunze bure.

Mzee wenu atasema pesa taslimu zitaliwa, afadhali vitu. Hofu hiyo haikutoka hewani. Tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari 2010 lilikusanya pesa ambazo hazijawahi kuonekana. Msalaba Mwekundu wa Marekani peke yake ulipata karibu dola milioni 500, na mwaka 2015 wanahabari wa ProPublica na NPR waliripoti kwamba nyumba mpya za kudumu ulizojenga zilikuwa 6. Wenyewe walijibu kwamba waliwapatia makazi watu wengi kwa njia nyingine. Na serikali ya Haiti nayo, mwaka 2011 chini ya Rais Michel Martelly, ilianza kukata dola 1.50 kwa kila pesa iliyotumwa nyumbani na senti 5 kwa kila dakika ya simu iliyoingia, ili kulipia elimu bure. Wahaiti wa Brooklyn na Miami walikuwa tayari wanalipa ada za wapwa zao. Wakaomba hesabu ya makato hayo mwaka hadi mwaka, na mwaka 2018 baadhi yao wakafungua kesi katika mahakama ya Marekani. (Sisi siku hizi tukisikia Port-au-Prince tunawaza polisi wa Kenya waliotua huko Juni 2024. Kumbe Haiti ni pia nchi ya konbit, kazi ya kulimiana mashamba kwa zamu, ambayo mtu wa harambee angeitambua kabla hajaambiwa jina lake.)

Lakini mzee akumbuke vitu navyo huliwa. Haiti wana pèpè, nguo kuukuu kutoka Marekani, kafa Ulaya wao. Zilifika kwa marobota mpaka fundi cherehani wa mtaani akakosa kazi.

Dawa ya hofu hiyo Jamaika mnayo mlangoni. Wale waliopanda meli miaka ya 1950 na 1960, wakaendesha mabasi na kusafisha wodi za huku, wengi walirudi na pensheni zao, hasa Mandeville na vilima vya karibu. Bila shaka kijiji chenu kina mmoja. Mtafuteni. Mtu aliyefanya kazi miaka 35 Birmingham anajua risiti ni nini, hana ndoto ya kugombea udiwani, na ana asubuhi nzima ya kukaa shuleni akihesabu skrubu. Awe na sahihi ya pili kwenye kila malipo pamoja na mwalimu mkuu, na mmlipie petroli.

Usajili ni jambo fupi. Chama cha hisani kwa Uingereza na Wales kikipata zaidi ya pauni 5,000 kwa mwaka kinatakiwa kusajiliwa Charity Commission, na nyinyi mmevuka. Mkishatambuliwa pia na mamlaka ya kodi, kila pauni inayotolewa na mlipa kodi inaongezwa peni 25. Tiketi za bahati nasibu hazimo, wala sahani ya wali na maharage iliyouzwa, kwa sababu mtu alipata kitu. Sadaka ya kweli imo. Sahani ya kanisani ni ya kanisa, isipokuwa mchungaji alitangaza kabla kwamba siku ile ni ya chama.

Na hapa kuna jambo ambalo hukuuliza. Tangazo lenu lilisemaje? Kama karatasi mliyobandika iliandika pesa hizi ni kwa ajili ya shule baada ya kimbunga, basi ni za hilo tu, kisheria. Huwezi kuzipeleka zahanati kwa sababu kikao kimebadili mawazo. Itafute karatasi hiyo kabla ya kikao kijacho, uiweke kwenye faili.

Namna ya kuingia kikaoni: usianze na makosa ya kontena. Anza na pardna. Wazee wote hao wanaijua. Ni upatu mtupu, kila mtu anatupa fungu lake kwa wiki na mmoja anapokea, na kijumbe wao wanamwita banka. Ndiyo iliyowanunulia nyumba za kwanza Birmingham na Brixton wakati benki ziliwafungia mlango. Muulize mzee aliyekunyamazisha banka wao alikuwa nani, na kwa nini walimwamini na mishahara yao. Atazungumza nusu saa. Akimaliza, mwambie unataka chama kiwe na banka wa namna hiyo kule kijijini, mmoja, aliyerudi, na kwamba kabla ya kuamua chochote yeye mwenyewe mzee apige simu kwa mwalimu mkuu. Apige yeye, kwa Patwa yake, lugha yao ya nyumbani. Wewe kaa pembeni na kalamu.

Aulize: jengo ni la nani, na Wizara imesema nini mpaka sasa? Ijumaa iliyopita walikuja watoto wangapi, na Jumanne wangapi? Nauli ni kiasi gani kwa anayekaa mbali zaidi? Ni kitu gani kilicholetwa kwa msaada ambacho kimekaa stoo? Hilo la mwisho aliulize polepole na asubiri, kwa sababu mwalimu mkuu atasema kwanza kwamba wanashukuru kwa yote.

Tofauti ya saa ni tano wakati wa baridi na sita wakati wa kiangazi, hivyo ampigie huku ikiwa alasiri.